Fuko, Mchimba Visima Aliyempita Shemeji Yake

"Alinipita kama kizingiti! Magoti yake mawili, jamani, hapa, hapa mgongoni, yakaenda zao kwa mgeni! Dunia nzima imeona, mpaka watoto walio matumboni wameona, ila yeye peke yake ndiye hajaona!"

Hivyo ndivyo shemeji mtu alivyokuwa akipiga kelele kila mara filamu ile ilipoonyeshwa, amesimama katikati ya sebule, kidole kimeelekea kwenye televisheni. Na huyu ndugu yetu tunayemzika leo alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani anamenya chungwa, ganda linatoka refu, halikatiki. Mke wake anamwambia mdogo wake, "Kaa chini, utapasua mshipa." Naye anajibu, "Nikae wapi, dada? Nikikaa si atanipita tena!" Watoto wanavunjika mbavu. Mwenye nyumba hacheki wala hakasiriki. Anakula chungwa lake mpaka kokwa ya mwisho, anatoka nje kunawa mikono, na huko kunawa mikono kunachukua muda mpaka filamu iishe.

Wengi mliokuja leo mmeyasikia hayo kupitia dirishani. Sasa msikie yote, kwa mpango.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa nne kati ya saba, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali ambalo baba yake alilisimamia. Mama yake alisema mtoto huyu alianza kwa kutambaa kinyumenyume, na mara ya kwanza alipopotea walimkuta amelala ndani ya shimo la udongo wa matofali, ametulia kama yai kwenye kiota. Wakamwita Fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi, na lile jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti.

Alisoma mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1958. Hesabu zilimkubali, mwandiko ulimkataa. Siku moja mwalimu wa kilimo aliwapa wavulana kazi ya kuchimba shimo la mbolea nyuma ya darasa, akaenda kunywa chai, na chai ikanoga. Aliporudi, wenzake Fuko walikuwa wamelala kivulini, na udongo ulikuwa unaruka wenyewe kutoka ardhini, mtu haonekani. Mwalimu akainama, akauliza, "Nani yuko huko?" Sauti ikatoka chini, "Ni mimi, mwalimu. Hukusema tuishie wapi." Shimo lile halikupata mbolea ya kulijaza mpaka shule ikahamishwa.

Baada ya shule alishika kazi kwa mjomba wake, mchimba visima na vyoo. Mjomba alikuwa mkali kuliko sururu. Alimfundisha kusoma udongo kwa kuunusa na kuuminya, na alimfundisha sheria moja ambayo ndiyo imebeba habari yote hii. Mtu aliye chini ni lazima asikike. Aimbe, ahesabu, aombe dua, atukane akitaka, lakini sauti isikatike. Aliye juu ameshika kamba, na kamba imefungwa kiunoni kwa yule wa chini. Sauti ikikatika, wa juu haulizi, haiti, hachungulii. Anavuta. Mjomba alikuwa akisema, "Hewa mbaya haibishi hodi, na udongo ukimeza mtu haumpi nafasi ya kuaga. Wewe vuta. Kama alikuwa anapiga chafya, utamwomba radhi akishafika juu."

Fuko alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Aprili 1969. Mke wake alikuwa fundi cherehani aliyeshona barazani, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi. Fuko alipeleka suruali ya kazi iwekwe viraka magotini. Wiki iliyofuata akapeleka tena, na wiki iliyofuata. Mwisho binti akamwambia, "Kaka, hakuna mtu anayepasuka magoti yote mawili kila Jumatano. Sema unachotaka, nina kazi." Akasema.

Lakini binti alikuwa na mzigo wake. Mama yao alifariki mdogo wake akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule. Akamwambia Fuko mbele ya wazee, "Ukinichukua mimi umemchukua na huyu. Akiumwa hata kucha, nakuuliza wewe." Fuko akasema, "Nimekubali." Wazee wakasema kijana amejibu haraka mno, hajui anachokubali.

Basi shemeji akawa mwenzake wa kazi. Juu ya ardhi alikuwa kijana mwenye adabu, shikamoo zake hazina mapengo. Akishuka kisimani, mdomo unafunguka. Wengine huimba, yeye alitukana. "Wewe Fuko! Dada yangu alifuata nini kwako, masikio hayo? Ukisimama kwenye upepo si utapeperuka?" Na Fuko juu, ameshika kamba, anacheka peke yake mpaka wapita njia wanamwogopa. Matusi yale yalikuwa pumzi. Maadamu yanapanda, mtu yu hai.

Wakaishi hivyo mpaka Agosti 1971, watu wa filamu walipokuja.

Walikodi machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa nje ya mji. Wakajenga mabanda ya mbao, mnara wa walinzi, uzio wa seng'enge. Hadithi yao ilikuwa ya mateka wa vita waliofungiwa kambini, wanaochimba njia chini kwa chini kutoka bandani mwao mpaka ng'ambo ya uzio ili watoroke. Waliajiri wanaume wa mji wawe mateka, na kwa mara ya kwanza wembamba ukawa sifa. Wenye vitambi wakapewa bunduki za mbao, wakawa walinzi. Mke wa Fuko akaajiriwa na cherehani yake, kazi ni kupasua nguo nzima zionekane kuukuu, na alikuwa akisema hakuna kazi iliyomuuma roho kama ile. Fuko na shemeji yake wakapewa kuchimba lenyewe handaki.

Mkubwa wao watu walimwita Bwana Kata, kwa sababu neno lake kubwa lilikuwa hilo. Mtu akikosea, "Kata!" Jua likijificha, "Kata!" Alikuwa na mkalimani mwembamba wa kumsemea. Halafu kulikuwa na mwigizaji mkuu, steringi, kijana mzuri wa sura na wa roho, aliyekuwa akigawa sigara zake mpaka anabaki kuomba.

Handaki lilichimbwa kwenye ukingo wa machimbo, ubavu wake mmoja umeachwa wazi ili kamera ione ndani, kama kabati lililong'olewa mlango. Fuko alisimamisha nguzo zake vizuri, karibu karibu. Bwana Kata akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Anasema nguzo nyingi mno," mkalimani akasema. "Anasema hawa ni mateka, mbao zenyewe wanaiba kwenye vitanda. Hivi ilivyo ni sebule."

Fuko akaingia, akagonga moja moja kwa kisigino cha sururu, akasikiliza. Akatoa baadhi. Alizichagua mwenyewe, hakuna aliyemnyooshea kidole.

Siku ya kwanza ya kupiga picha ndani ya handaki, shemeji akaingia nyuma ya steringi, kazi yake kupokea udongo na kuusukuma nje kwa mfuko. Fuko alikuwa mdomoni mwa handaki, naye amevaa nguo za mateka, anapokea mifuko. Kamba ilikuwa kiunoni kwa shemeji, chini ya shati. Bwana Kata akataka kimya, maana mateka anayetoroka hapigi makelele. Shemeji akanyamaza. Basi mikono ya Fuko ikavuta. Haikumuuliza. Shemeji akatoka kinyumenyume mbele ya kamera, kucha zinakwangua ardhi kama paka anayetolewa uvunguni.

"Kata!"

Wakarudia. Kimya. Akamvuta tena. Mateka wote wakalala chini kwa kicheko, na steringi akacheka mpaka akatoka machozi. Bwana Kata peke yake hakucheka. Akasema kitu kirefu, mkalimani akakifupisha. "Anasema kamba itoke."

Kamba ikatoka. Nguzo zimepungua, sauti hakuna, na kamba haipo. Mjomba angekuwa hai angempiga mtu kibao.

Bado kulikuwa na maji. Jana yake walikuwa wamepiga picha za mvua huko juu ya ukingo, gari la maji limemwaga mchana kutwa. Asubuhi ile mke wake Fuko alimshika mkono akamwambia, "Juu huko kumelowa. Mdogo wangu ataingia humo?" Fuko akapanda, akakanyaga kwa kisigino, akachota udongo akaunusa. Akashuka akasema, "Itashika."

Familia hailifichi neno hilo. Lilikuwa lake, na lilikuwa kosa.

Mchana, jua limekaa vizuri, Bwana Kata akainua mkono. Kimya machimbo mazima. Ndani, steringi anachimba kwa kipande cha bati, shemeji nyuma yake amelala kifudifudi anavuta mfuko. Fuko mdomoni, amepiga magoti, anasubiri. Walioshuhudia wanasema udongo ulianza kwa kudondosha punje, kama mtu anayetia chumvi. Halafu dari lote likakaa chini.

Halikupiga kishindo. Lilitoa sauti ya mtu mnene anayeketi kwenye godoro. Vumbi likajaa, udongo ukamwagika mpaka miguuni kwa mwenye kamera, na pale walipokuwa watu wawili pakawa na tuta.

Fuko aliingia kwa mikono mitupu, maana beleshi lingekata mtu. Mbele yake kabisa, karibu na mdomo wa handaki, kandambili moja ilikuwa imechomoza kwenye udongo. Ya shemeji. Steringi alikuwa kule ndani zaidi, haonekani hata unywele.

Mke wake alikuwa amefika mbio, shati la mtu liko mkononi na sindano imening'inia. Akapiga kelele, "Anza na huyu! Yuko miguuni pako! Mume wangu, mtoto wangu huyo!"

Fuko alipanda juu ya tuta. Akatambaa. Akaipita kandambili, akaupita mgongo uliokuwa chini yake, akaenda kule ndani, akaanza kufukua kwa steringi.

"Huyu! Huyu!" mke wake analia, amejitupa chini anachimba kandambili kwa kucha zake, na udongo unarudi, unarudi. Wale mateka wengine wamesimama, hawajui kama hii ni kweli au ndiyo kuigiza. Bwana Kata ameinua mkono hewani, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu aje, neno lake lilimkimbia. Kamera ikaendelea kuzunguka.

Steringi akatoka kichwa, akatapika udongo, akavuta pumzi kwa mlio wa mlango mbovu. Fuko akamwachia wengine papo hapo, akageuka. Hapo alifukua kama mtu aliyechanganyikiwa, kucha mbili ziling'oka na hazikuota sawa maisha yake yote. Wakamtoa shemeji, midomo imekuwa kama wino, ametulia. Dada yake akamlaza ubavu, akamtoa udongo mdomoni kwa kidole, akampiga mgongoni kama vile alivyokuwa akimpiga akipaliwa utotoni. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Akampiga kwa nguvu mpaka watu wakataka kumzuia. Shemeji akakohoa.

Akafumbua macho. Mfupa wa bega umevunjika, pua zimejaa mchanga, na neno lake la kwanza, akimtazama Fuko usoni, lilikuwa, "Umenipita."

Fuko akampangusa mchanga puani.

Na kila alipoulizwa kwa nini, mikono yake ilipata kazi nyingine.

Filamu ilipofika kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi mwaka 1973, mji mzima uliingia. Kumbe Bwana Kata ameiacha ile sehemu, haikukatwa hata kidogo. Pale pale vumbi, pale pale Fuko anaonekana mgongo, anatambaa juu ya mtu, anamfukua steringi. Ukumbi ukapiga makofi. Lakini katika hadithi yao aliyekuwa nyuma hatoki. Mateka wanavua kofia, wanainamisha vichwa, kesho yake wanaendelea kuchimba. Shemeji akasimama gizani akapaza sauti, "Mimi huyo! Sijafa! Nipo!" Ukumbi ukaangua kicheko, na mtu nyuma akajibu, "Kaa chini, mfufuka, unatuziba!" Tangu siku hiyo jina lake ni Mfufuka. Yeye mwenyewe husema, "Mnajua ule msemo, steringi hafi. Hafi, kwa sababu shemeji ndiye anayekufa badala yake."

Watu walicheka, naye alicheka, lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu, na hakijabadilika miaka hamsini: kwa nini ulianza na yule? Je, kwa sababu yule alikuwa mtu mkubwa, mgeni, na mimi ni mdogo wa mkeo tu? Kila mtu mtaani alikuwa na jibu lake. Kinyozi alisema Fuko alisikia shemeji akitukana chini ya udongo, akajua yu hai. Mfufuka akamwambia kinyozi, "Kinywa kimejaa mchanga, nitukane kwa kutumia nini?" Mpiga ramli wa jibu hakukosekana hata mmoja, ila mwenye jibu alikuwa anamenya chungwa.

Na kazi haikusimama. Bega lilipopona, Mfufuka alisema hashuki tena shimoni, hata aahidiwe pepo iko chini. Fuko akasema, "Sawa, nitashuka mimi." Ikawa hivyo mpaka walipostaafu: Fuko chini anaimba, maana kutukana hakujui, na Mfufuka juu ameshika kamba. Fikirini wenyewe. Kila asubuhi mtu yule alijifunga kamba kiunoni na kumpa ncha yake yule anayemdai jibu.

Mwaka 1986 walichimba kisima kwenye uwanja wa kiwanda cha sabuni. Jana yake filamu ilikuwa imeonyeshwa, na vijana wa kiwandani wakamkuta Mfufuka kazini wakaanza kumvulia kofia na kuinamisha vichwa. Walipokwenda zao, yeye alikuwa amebadilika rangi. Chini, Fuko alikuwa amegonga jiwe, jiwe likapasuka, na maji yakaanza kuingia. Si ya kuchuruzika. Ya kuingia.

"Maji!" Fuko akaita. "Vuta, shemeji!"

Mfufuka akashika kamba kwa mikono miwili, akakaza miguu, na hakuvuta.

"Nijibu kwanza," akasema.

"Yamefika magotini."

"Nami udongo ulinifika puani, na hukuharakisha. Nijibu. Ulianza na yule kwa nini?"

Fuko akaanza kuimba. Ndiyo, kuimba, ule wimbo wake mmoja wa siku zote, usio na mwanzo wala mwisho, unaomsifu punda. Mlinzi wa kiwanda akaona mambo yamekuwa mengine, akakimbia kumwita mke wa Fuko, ambaye siku hizo alishona kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Akaja na futi shingoni.

"Mvute mume wangu."

"Aniambie kwanza, dada."

"Mvute! Nimekubeba mimi mgongoni!"

"Na yeye alinipita mgongoni! Dada, sikuombi kingine. Neno moja. Hata akisema alikosea nitavuta. Hata akisema hakunipenda nitavuta. Anadhani mimi sitamvuta? Nitamvuta! Lakini aseme!"

Alikuwa analia, mishipa ya shingo imesimama. Dada yake akaishika kamba naye, lakini mtu mzima aliyelowa hanyanyuliwi na mwanamke peke yake, na mlinzi alikuwa mzee wa kuegemea rungu. Chini, ule wimbo wa punda unapanda, na maji yanapanda nao. Ukafika kwenye ule ubeti wa punda na mzigo wa kuni.

Ukakatika.

Hakumalizia neno. Ukakatika kama uzi.

Mikono ya Mfufuka ikavuta. Mdomo wake ulikuwa bado uko kwenye "lakini aseme", na mikono imeshaanza, mkono juu ya mkono, kapi linalia, miguu inachimba mchanga. Dada yake naye anavuta, mlinzi naye ametupa rungu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya kile kiliwasukuma kuliko kelele zote. Fuko akatokea mdomoni mwa kisima, amelowa mpaka kidevuni, macho wazi, mzima kabisa.

Mfufuka akaanguka na kukaa. "Umefanya makusudi! Umenyamaza makusudi!"

Fuko akavua shati, akalikamua taratibu. Akamtazama shemeji yake.

"Umevuta," akasema.

Ndilo neno pekee lililotoka siku ile. Mke wake hakuwapikia wote wawili kwa wiki nzima, akasema wajichimbie viazi. Baada ya hapo, walipobaki wawili jikoni, alimuuliza mumewe yeye mwenyewe kwa upole, maana alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote. Mumewe akamwambia, "Jibu lipo. Ila likitoka litamuumiza kuliko swali." Akaomba chumvi. Mkewe akampa chumvi, na hakumuuliza tena. Hili hakuwahi kumwambia mdogo wake. Leo ameruhusu lisomwe, na mdogo wake yuko hapa, ameketi mstari wa mbele, analisikia kwa mara ya kwanza pamoja nanyi.

Marehemu alipumzika kazi mwaka 2009, akiwa amechimba visima vingi kuliko alivyoweza kuvikumbuka. Wengi wenu mlinawa uso leo asubuhi kwa maji aliyoyatafuta yeye. Vumbi la kazi lilimkaa kifuani. Alianza kukohoa mwaka 2018, na mwaka huu wa 2021 maji yakamjaa kwenye pafu. Tarehe 2 Juni alilazwa hospitali. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 9 Juni, adhuhuri, baada ya kutolewa kwenye chumba cha upasuaji, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Hakupata fahamu tena.

Ameacha mjane aliyeishi naye miaka hamsini na miwili, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, dada mmoja, na shemeji mmoja. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Udongo alioujua kwa kuunusa na umpokee taratibu, umlaze salama, alale amani.

Limebaki la asubuhi ya siku ile ya upasuaji, maana Mfufuka ameomba liingie, na ameomba lisomwe na mtu mwingine.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha upasuaji, wazee wawili. Fuko alikuwa ameshavalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa kwa nyuma, na nyuma halikufungika vizuri. Muuguzi akaja, akasema, "Baba, kama una meno ya bandia, tunaomba uyatoe." Fuko akayatoa, ya juu na ya chini, akamgeukia shemeji yake. Mfufuka akatandaza leso, akayapokea.

"Nishikie," Fuko akasema.

"Yakianguka usinilaumu."

Muuguzi akaenda kuleta kiti cha magurudumu. Mfufuka akakunja leso, akaifungua, akaikunja tena.

"Shemeji," akasema, "siji kwa ugomvi leo. Mimi nimeshazeeka, wewe umeshazeeka, hata yule steringi mwenyewe walitangaza alifariki. Tumebaki sisi. Sikasiriki tena, naapa. Nataka tu nilale nikijua. Pale chini, uliponipita, ulikuwa unajua mimi ni mzima?"

Hakuwahi kuliuliza hivyo. Miaka yote alikuwa anauliza kwa nini yule. Siku ile aliuliza juu yake mwenyewe.

Fuko alimgeukia. Anasema Mfufuka kwamba midomo ilisogea, ile midomo isiyo na meno, kama ya mtu anayetafuta pa kuanzia, na kwamba macho yalikuwa yamejaa. Muuguzi akarudi na kiti.

"Baba, tukupeleke."

Fuko akakikataa kiti kwa mkono. Akasimama mwenyewe, akashikilia ukuta kidogo, akauacha.

"Shemeji," Mfufuka akaita. "Shemeji, nakuuliza!"

Mzee akashika gauni lake kwa nyuma kwa mkono mmoja, pande zote mbili, kwa heshima, akaenda zake peku ukumbini, polepole, mpaka mlangoni. Akausukuma kwa bega, akaingia.